Jina la Wayua Kwenye Ripoti

Kabla ya kompyuta kuingia Kathonzweni, Wayua Kaloki alikuwa anaweza kuitoa kadi ya mgonjwa kwenye rafu bila kuangalia namba. Ungemtajia tu, "Yule mama wa kwa fundi cherehani," naye angenyoosha mkono mpaka rafu ya tatu, avute kadi iliyochakaa pembe, akukabidhi. Aliajiriwa mwaka wa 1998, akiwa na cheti cha kidato cha nne na mwandiko wa kupendeza, Daktari Ngure alipofungua kliniki ya chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo. Daktari alikuwa mtu wa Murang'a. Kazi ya serikali ilikuwa imemleta Makueni, hewa kavu ya huku ikamtulizia pumu, akakataa kurudi kwenye baridi. Kikamba alijifunza kwa wagonjwa wake, na mpaka leo anakiongea kama mtu anayetafuna kitu.

Kitu kimoja kuhusu Wayua kilijulikana na kila mtu, hata kanisani alikokuwa katibu wa kwaya: hakuwa na mdomo. Alijua nani ana sukari, nani alipoteza mimba, nani alikuja kupimwa peke yake wiki moja kabla ya harusi. Watu hao hao walikutana naye sokoni akichagua ndengu, wakamsalimia bila wasiwasi. Alichokisoma kazini alikiacha kazini.

Kliniki ilikua. Ikapata tawi Kasikeu, kisha jingine Kalamba, ikasajiliwa kama kampuni kwa jina la Kliniki za Utanu, neno ambalo kwa Kikamba ni furaha. Kadi zikaingizwa kwenye kompyuta, moja moja, kazi iliyomchukua Wayua na wenzake karibu miaka miwili. Halafu mwaka wa 2019 nchi ikapata Sheria ya Ulinzi wa Data. Daktari Ngure alirudi kutoka kwenye mkutano wa madaktari huko Machakos akiwa na nakala yake mkononi, akaiweka juu ya meza ya Wayua.

"Wayua, hii kitu ni yako," alisema. "Mimi nimesoma kurasa mbili nikaumwa na kichwa."

Ndivyo alivyopata kuwa afisa wa data wa kampuni. Hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Aliisoma ile sheria na kamusi kando, mstari kwa mstari, jinsi alivyozoea kusoma Biblia. Alihudhuria mafunzo ya siku tatu. Aliandika maswali yake kwenye daftari na kumpelekea Kasiva, wakili wa kampuni, mwanamke wa miaka arobaini hivi mwenye ofisi ndogo pale mjini Wote. Mwishowe akaandika mpango wa kurasa nne unaosema nini kifanywe wadukuzi wakiingia kwenye mashine za kliniki: nani apigiwe simu kwanza, nini kisiguswe, nani aambiwe na kwa muda gani. Alihakikisha kila tawi lina nakala ukutani. Wauguzi walimwita Mama Sheria, naye akacheka nao. Mpango wenyewe ulikaa ukutani miaka mitatu bila kutumika, ukafifia kwa jua la dirishani.

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi, muuguzi wa zamu pale Kathonzweni aliwasha kompyuta ya mapokezi, ikamwonyesha maandishi meupe kwenye rangi nyeusi. Alimwita Wayua. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza kibovu: faili zenu zote zimefungwa, tumechukua nakala, lipeni kwa dola tuwafungulie, mkikataa tutazimwaga mtandaoni kila mtu azisome.

Wagonjwa saba walikuwa tayari kwenye benchi. Wayua aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa moja na dakika arobaini asubuhi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuandika saa hiyo kwenye karatasi, kwa maana sheria inampa anayetunza data za watu saa sabini na mbili tangu anapojua kwamba zimevuja, awe amemwarifu Kamishna wa Data. Muda ulikuwa umeshaanza kwenda.

"Usiizime," alimwambia muuguzi. "Usibonyeze chochote. Chomoa tu waya wa intaneti."

Alipiga simu Kasikeu na Kalamba akawaambia vivyo hivyo. Kisha akampigia Evanson, fundi aliyekuwa na mkataba wa kuzitunza kompyuta zao, akampata njiani kuelekea kazini. Akampigia Daktari. Akampigia wakili. Halafu akafungua kabati ya nyuma, akatoa boksi la kadi tupu zilizobaki kutoka miaka ile, akaketi mapokezi na kalamu.

"Haya, wa kwanza nani?" aliita, na benchi likasogea.

Kufikia adhuhuri Evanson alikuwa amepitia mashine zote kwa utaratibu. Alikuwa mtu mpole, mwenye mazoea ya kunong'ona akifanya kazi kana kwamba kompyuta imelala. Habari zake zilikuwa mbili. Nzuri ilikuwa kwamba kila Ijumaa jioni alikuwa akinakili data zote kwenye diski ya akiba na kuichomoa, kwa sababu Wayua alikuwa amelisisitiza jambo hilo kwenye ule mpango. Kwa hiyo kazi ingerudi bila kuwalipa wezi. Mbaya ilikuwa kwamba wezi hawakudanganya. Faili za tawi la Kalamba zilikuwa zimenakiliwa na kutumwa nje, wagonjwa elfu moja mia tatu na kumi na wanne: majina, namba za simu, namba za vitambulisho, na maelezo ya matibabu.

Daktari Ngure alifunga mlango wa ofisi yake. Walikuwa wanne humo, yeye, Wayua, Evanson, na sauti ya Wakili Kasiva kwenye simu iliyowekwa mezani.

"Kama diski iko, basi tumepona," Daktari alisema. "Turudishe data, tubadilishe paswadi, tuendelee. Kwani nani atajua?"

"Wale wezi wanajua," Kasiva alijibu kwenye simu. "Na wakizimwaga, kila mgonjwa wa Kalamba atajua. Siku hiyo swali halitakuwa kwa nini mliibiwa, Daktari. Kuibiwa kunaeleweka. Watauliza kwa nini mlijua Jumatatu na mkanyamaza."

"Na tukisema, si watatukimbia? Miaka ishirini na saba nimejenga hii jina."

"Wengine watawakimbia, siwezi kukudanganya. Lakini sheria haijakuachia uchague. Kamishna aambiwe kabla ya Alhamisi saa moja na dakika arobaini. Wagonjwa waambiwe kwa maandishi, bila kuzungushwa. Polisi wapewe taarifa. Na hizo mashine zilizoguswa, Evanson, usizifute. Weka kando moja kama ushahidi, nunueni nyingine. Mama Wayua, unaandika?"

"Naandika tangu asubuhi, Wakili," Wayua alisema. Alikuwa ameshajaza kurasa tano: nani alifanya nini, saa ngapi, nani alimwambia.

Daktari alisugua macho, mwishowe akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa kubisha kwanza na kukubali baadaye, na wote waliomfahamu walijua kumpa nafasi hiyo.

Swali lililobaki lilikuwa mlango. Wezi walipita wapi? Evanson alilifukuzia siku hiyo yote na kesho yake. Jumanne saa nne asubuhi alimkuta Wayua kwenye chumba cha stoo akihesabu kadi, akavuta kiti kidogo, akaketi karibu naye.

"Mama, nimepata walikoingilia," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Waliingia kama Kui."

Wayua aliziacha kadi.

Kui alikuwa mhudumu wa mapokezi wa Kalamba. Aliacha kazi mwezi wa pili, akaolewa Nakuru. Katika ule mpango wa kurasa nne, ukurasa wa pili, kulikuwa na sentensi ambayo Wayua mwenyewe aliitunga na kuipigia mstari: mfanyakazi akiondoka, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo. Na siku hiyo hiyo Kui alipoondoka, Evanson alimuuliza Wayua kama afunge. Wayua alikumbuka mpaka mahali alipokuwa amesimama, kwenye veranda ya Kalamba, foleni ikiwa ndefu kwa sababu ya chanjo. Mhudumu mpya alikuwa hajafunguliwa akaunti yake. Akasema, "Wacha atumie ya Kui kwanza, tutapanga wiki ijayo." Wiki ikaja ikapita. Mhudumu mpya alipata akaunti yake mwezi wa nne, na ile ya Kui hakuna aliyeikumbuka tena. Paswadi yake ilikuwa jina la tawi na mwaka. Mtu yeyote angeibahatisha.

"Nilikuuliza," Evanson alisema. Hakusema kwa kulaumu. Alikuwa kama mtu anayehakikisha kwamba hajaota.

"Uliniuliza," Wayua alisema. "Nakumbuka."

Evanson alipotoka, Wayua alibaki na mikono yake imelala mapajani. Baadaye alimweleza mumewe kwamba alisikia baridi, baridi kweli ya mwili, katika chumba chenye bati lililochomwa na jua la mwezi wa kumi. Miaka ishirini na saba alikuwa amezishika siri za watu wa nchi hii bila kudondosha hata moja. Sasa elfu moja na zaidi zilikuwa zimetoka kwa siku moja, na waliozitoa walipitia kwenye neno lake, wacha tutapanga wiki ijayo.

Alikwenda kwa Daktari kabla ya chakula cha mchana, akamkuta na rasimu ya ripoti mezani. Daktari alikuwa ameshaanza kuandika sehemu iliyouliza chanzo cha tukio.

"Nimeweka hapa kwamba fundi wa nje aliacha akaunti ya zamani wazi," Daktari alisema bila kuinua macho. "Evanson ana mkataba na sisi. Mkataba unasema kulinda mashine ni kazi yake. Tunamwondoa, tunasema tumemwondoa, Kamishna anaona tumechukua hatua."

"Daktari, hiyo si kweli."

"Akaunti ilikuwa wazi ama haikuwa wazi?"

"Ilikuwa wazi kwa sababu mimi nilisema isifungwe. Aliniuliza. Nikamwambia angoje."

Daktari Ngure aliweka kalamu chini. Nje, muuguzi aliita jina la mgonjwa mara mbili.

"Nani mwingine anajua hivyo?"

"Evanson. Na sasa wewe."

"Wayua." Alivua miwani. "Wewe ndiye afisa wa data. Jina lako ndilo liko pale chini. Tukiandika kwamba afisa wa data mwenyewe ndiye alivunja utaratibu wake, tunaonekana watu gani? Evanson ni fundi, atapata kazi kwingine. Sisi hatuna kliniki nyingine."

Wayua alikuwa hajawahi kubishana na Daktari zaidi ya dakika moja katika maisha yake yote ya kazi. Aliketi bila kukaribishwa.

"Evanson ana watoto wanne, na wateja wake wote wako kati ya hapa na Wote," alisema. "Ukimwandika hapo, hakuna atakayempa hata simu atengeneze. Na mimi nitakuwa nakaa kanisani nyuma yake kila Jumapili. Sitaweza, Daktari. Nifute kazi, lakini usiniambie niandike hivyo."

Daktari aliisogeza rasimu kando. Alichukua simu, akampigia wakili, akamsimulia yote kwa ufupi na kwa haki, sehemu ya Wayua kwa maneno yake mwenyewe. Sifa hiyo ya uungwana hakuipoteza hata akiwa na hasira. Kisha akaweka simu mezani wote wasikie.

"Nitawaambia kama wakili wa kampuni," Kasiva alisema. "Mbele ya sheria, anayejibu ni kampuni. Uandike Wayua, uandike Evanson, mzigo ni wa Utanu. Kwa hiyo kumsukumia Evanson hakuwaondolei chochote. Lakini kumpa Kamishna habari mnayojua ni ya uongo, hilo ni kosa jipya, na ni kosa la jinai. Maofisa wake wakija watamuuliza Evanson, na Evanson atasema ukweli. Kosa la kwanza naweza kulitetea. Hilo la pili sina dawa yake."

"Na mimi je?" Wayua aliuliza. "Nijiuzulu kwanza ama nimalize ripoti?"

"Maliza ripoti, mama. Andika kilichotokea, kisha andika kilichobadilishwa. Hayo mengine ni kati yako na Daktari."

Daktari Ngure aliichukua rasimu yake, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. "Andika," alimwambia Wayua, akatoka kwenda kuwaona wagonjwa. Siku mbili zilizofuata hakumsemesha zaidi ya ilivyobidi.

Wayua aliandika. Sentensi iliyomsumbua ilikuwa moja tu. Mara ya kwanza aliandika kwamba akaunti ilibaki wazi, kama vile ilibaki yenyewe. Akafuta. Akaandika kwamba usimamizi ulichelewa kuifunga. Akafuta hiyo pia. Mwishowe akaandika: "Fundi aliomba ruhusa ya kuifunga akaunti hiyo siku mfanyakazi alipoondoka. Afisa wa data, Bi. Wayua Kaloki, alimwagiza asubiri, na baadaye hakufuatilia." Akaisoma kwa sauti ndogo. Ilikuwa fupi kuliko alivyotegemea. Ripoti ilitumwa Jumatano saa kumi alasiri, saa kumi na tano na ushei kabla ya muda kuisha, na taarifa ya polisi ikapelekwa siku hiyo hiyo.

Ikabaki kazi ya kuwaambia wenyewe. Daktari alitaka ujumbe wa simu utumwe kwa wote na mambo yaishe. Wayua alikubali ujumbe utumwe, lakini maneno yake aliyapima kama mtu anayepima dawa ya mtoto. Kalamba simu moja hutumiwa na nyumba nzima. Mume husoma, mkwe husoma, mtoto anayejua Kiswahili cha shule ndiye anayewasomea wote. Ujumbe ungeweza kusema kwamba taarifa za mteja wa kliniki zimeibwa na kwamba ana haki ya kujua ni zipi. Mambo ya matibabu ujumbe usiyaguse. Akauandika kwa Kiswahili na kwa Kikamba, akaweka namba yake mwenyewe, na kusema kwamba angekuwepo Kalamba Ijumaa na Jumamosi kuzungumza na kila mtu peke yake.

Walikuja. Wengine walikuja kwa hasira, mzee mmoja akapiga meza ngumi na kusema kwamba angejua angekaa na ugonjwa wake nyumbani. Wengi walikuja kwa udadisi tu, wakauliza kama mwizi anaweza kutumia kitambulisho chao kukopa, na Wayua akawaeleza namna ya kuwa macho, wasimpe mtu paswadi ama namba ya siri hata akijua majina yao yote matatu. Ila Jumamosi asubuhi aliingia mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mwenye kitambaa cha kanisani kichwani, akafunga mlango mwenyewe. Wayua alimtambua. Aliitwa Kalondu, muuza miche ya michungwa kwenye barabara ya soko.

"Mwaitu," alisema Kalondu, kama wanawake wa rika lake wanavyomwita mtu aliye sawa na mama yao, "na ile sindano yangu, iko humo?"

Wayua hakuhitaji kuangalia. Kalondu alikuwa karibu kufa kwa kuvuja damu alipojifungua mtoto wa tatu. Tangu wakati huo alikuja kila miezi mitatu kuchomwa sindano ya kupanga uzazi, na mumewe, Mwau, aliyetamani mtoto wa kiume kwa nguvu zake zote, alidhani Mungu hajapenda.

"Iko," Wayua alisema. "Tarehe zote."

Kalondu aliketi. Alitazama mikono yake, yenye udongo mwekundu kwenye mistari ya vidole.

"Nani aliacha huyo mwizi akaingia?"

Wayua angeweza kusema kampuni. Wakili alikuwa amemwambia, kwa busara ya kazi yake, kwamba asiongeze maneno zaidi ya yaliyomo kwenye ujumbe.

"Ni mimi, Kalondu. Kulikuwa na akaunti ya mtu aliyeacha kazi. Niliulizwa kama ifungwe, nikaahirisha. Nimeliandika kwa serikali, na nakuambia wewe pia."

Kalondu aliinua macho kutoka kwenye mikono yake. "Wewe," alisema. "Mimi nilikuja huku na nikapita hospitali mbili njiani kwa sababu yako wewe."

Hakulia wala hakupaza sauti. Aliuliza afanye nini, na Wayua akamwambia kweli aliyoijua: kwamba taarifa huenda zisitoke kamwe, au zitoke kesho, na hakuna anayeweza kumwahidi. Akamweleza kwamba ana haki ya kulalamika kwa Kamishna, akampa karatasi yenye anwani, akamwonyesha sehemu ya kujaza. Akamwambia pia kwamba akitaka kuzungumza na Mwau, muuguzi aliyemzalisha yuko tayari kukaa nao na kumweleza Mwau kilichotokea siku ile ya damu. Kalondu aliichukua karatasi, akaikunja ndani ya kitambaa, akatoka bila kuaga.

Aliporudi, baada ya siku tisa, alikuja na Mwau. Mwanaume huyo alikaa ukumbini na kofia mapajani, uso ameukunja. Muuguzi aliwaingiza chumbani mwake, akazungumza nao karibu saa nzima. Wayua hakuingia, hakikuwa chumba chake. Aliwaona tu wakitoka, Mwau akitangulia hatua nyingi mbele, kisha akasimama langoni akamngoja mkewe. Mambo yao hayakutengenea kwa siku moja. Inasemekana Mwau alikaa kwa kaka yake wiki nzima. Kisha alirudi, akamwambia Kalondu kwamba kilichomuuma si sindano, ni kwamba wageni wa mbali walikuwa wameijua kabla yake.

Maofisa wa Kamishna walifika mwezi wa kumi na moja, mwanaume na mwanamke, wakakaa siku nzima. Walikuwa na malalamiko mawili kutoka kwa wagonjwa, moja likiwa la Kalondu. Walimuuliza Evanson peke yake, kisha Wayua peke yake, kisha Daktari. Waliomba kuona zile kurasa za saa na majina, wakaona ile mashine iliyowekwa kando, wakaona orodha mpya ya akaunti yenye sahihi mbili, ya Evanson na ya mkuu wa tawi, ili jambo hilo lisitegemee tena kumbukumbu ya mtu mmoja. Barua yao ilikuja baada ya wiki kadhaa. Ilisema waziwazi kwamba kampuni ilikosa. Ikawapa siku sitini kurekebisha mambo sita, na ikaagiza waketi na waliolalamika wapatane, jambo ambalo Wakili Kasiva alilisimamia bila kelele. Faini hawakutozwa, ila walionywa kwamba safari nyingine wasitegemee hivyo.

Kalamba ilipoteza karibu robo ya wagonjwa wake mwaka huo. Wengine wamerudi, wengine hawajarudi. Zile faili hazijaonekana popote mtandaoni hadi leo. Evanson huzitafuta kila mwezi na kuandika kwamba hakuziona.

Wayua alimpelekea Daktari barua ya kujiuzulu siku ya pili baada ya barua ya Kamishna. Daktari aliisoma akiwa amesimama.

"Nilikuwa na hasira na wewe," alisema. "Bado iko kidogo. Lakini niajiri nani? Mwenye hajawahi kukosea hatajua anatafuta nini." Akamrudishia barua, akampa nyingine, ya onyo, aliyokuwa ameiandika mwenyewe kwa mkono. Wayua aliitia sahihi hapo hapo.

Kalondu alihamia hospitali nyingine. Mwezi wa kwanza alikuja Kathonzweni kuomba nakala ya rekodi zake, kama sheria inavyomruhusu, na Wayua alimtolea zote mbele ya macho yake, akazitia kwenye bahasha na kuifunga kwa gundi.

"Watoto hawajambo?" Wayua aliuliza.

"Hawajambo. Mkubwa ameingia darasa la nne." Kalondu aliitazama ile bahasha. "Sijakusamehe yote, mwaitu."

"Najua."

"Lakini uliniambia mwenyewe. Ningesikia sokoni ningekuchukia."

Siku hizi Wayua huitwa huku na huku. Chama cha wakulima cha Kasikeu, chenye namba za simu na vitambulisho vya wanachama mia tisa kwenye kompyuta moja, kilimwomba aje kuwaambia wafanye nini. Alisimama mbele yao kwenye ukumbi wa kanisa, mwanamke mnene wa makamo mwenye daftari, akawauliza swali moja kabla ya salamu kuisha vizuri: ni nani aliyeacha kazi kwenu mwaka huu, na akaunti yake iko wapi? Mwenyekiti aliangalia katibu, katibu akaangalia mhasibu, na mhasibu akachomoa simu mfukoni akatoka nje haraka.

Wayua akawasimulia habari za Kui, na za foleni ya chanjo, na za neno lake, bila kujificha. Alipomaliza, mzee mmoja wa nyuma alinyoosha mkono.

"Na wewe, mama, hawakukufuta kazi?"

"Bado," alisema Wayua. Ukumbi ukacheka, naye akafungua daftari lake kwenye ukurasa wa kwanza, akaanza kuwaandikisha majina ya wote wenye paswadi ya kompyuta ile.